Mhariri Apate Wapi Habari?



Mwaka 2021 chama chetu kilinichagua niwe mwandishi wa barua ya kila mwezi inayopelekwa kwa wanachama kwa barua pepe. Nilikubali kwa furaha, maana kuandika ndiyo kazi yangu ya kila siku ofisini. Barua tatu za kwanza zilitoka bila taabu. Ilipofika ya nne nilikaa barazani kwangu hapa Bunju mpaka usiku wa manane, sina hata neno moja.

Basi nikafanya kama wafanyavyo wengi walioishiwa. Nikaokota maneno ya hekima huku na huku, nikaongeza faida za kunywa maji mengi, salamu za sikukuu na muhtasari wa kikao cha kamati. Nikaendelea hivyo miezi mingi. Hakuna aliyejibu, nami nikadhani ukimya ni dalili ya kuridhika.

Ndipo tukapata habari ya msiba. Mwenzetu mmoja, tuliyesoma naye darasa moja, amefariki. Tulipofika matangani tuliambiwa kuwa aliugua miezi minane, tena pale Boko, mwendo mfupi tu wa daladala kutoka kwangu. Dada yake akaniambia kwa upole: "Barua zenu alikuwa akizisoma zote, kaka. Alikuwa akitafuta humo jina la mtu anayemfahamu."

Maneno hayo yalinirudisha kwenye magazeti ya zamani niliyoyasoma nilipokuwa Mlimani. Nilitaka kujua waliotutangulia walipata wapi habari za kujaza kurasa zao kila mara.

Tuanze na Unguja. Mwaka 1888, katika shule ya Kiungani ya misheni ya UMCA, lilianza gazeti dogo liitwalo Msimulizi, likitoka kila baada ya miezi miwili. Shule hiyo ilikuwa imeanza na watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wakubwa wao walikwisha kupelekwa bara kufundisha, na habari za vituo vyao zikaingia gazetini: nani amefika, nani anaumwa, shule ina watoto wangapi. Msomaji wa leo aweza kuziona ni habari ndogo. Lakini kwa kijana aliyetenganishwa na ukoo wake, wenzake wa shule ndio waliokuwa ndugu zake, na habari zao zilikuwa habari za nyumbani.

Mwaka 1904, wakati wa Wajerumani, likaanza gazeti la Kiongozi katika shule ya serikali ya Tanga. Nalo lilitegemea walimu na makarani waliotawanyika wilayani, waandike mambo ya huko waliko. Kisha mwaka 1923 Idara ya Elimu ya Tanganyika ikaanzisha Mambo Leo hapa Dar es Salaam. Gazeti hilo lilitoka kila mwezi, likiwa na habari za miji, barua za wasomaji na mashairi. Miongoni mwa waliopeleka mashairi yao humo ni Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali katika idara ya forodha. Wahariri hao basi hawakukaa peke yao mezani wakitafuta la kusema. Waliomba, nao wasomaji wakaleta.

Hata hivyo, tusiwasifu kupita kiasi. Magazeti hayo yalikuwa ya misheni au ya serikali, na mwenye gazeti ndiye aliyechagua lipi litiwe na lipi liachwe. Kwa sababu hiyo mwaka 1937 Erica Fiah, mwenye duka mzaliwa wa Uganda aliyeishi Dar es Salaam, alianzisha gazeti lake mwenyewe, Kwetu, ili Waafrika wapate mahali pa kusema yao. Jina lenyewe latosha kuwa somo. Barua yangu ilikuwa ya kamati; haikuwa "kwetu" kwa yule aliyelala kitandani Boko.

Tangu hapo nimebadili utaratibu. Kila mwaka wa kumaliza shule umechagua mtu mmoja wa kuleta habari za wenzake. Kila barua huwa na swali moja jepesi ambalo kila mtu aweza kulijibu. Swali la kwanza lilikuwa: Ni nani hujamsikia siku nyingi? Nilipata majibu kumi na tisa, na kwa majibu hayo tuliwapata wenzetu wanne. Mmoja wao alikuwa amelazwa, nasi tukaenda kumwona. Mwingine alikuwa anauza mbao Mapinga, na kwa miaka mingi nimekuwa nikipita mbele ya duka lake. Habari za mgonjwa hatuziandiki mpaka yeye mwenyewe aturuhusu, kwani si kila jambo la mtu ni la watu wote.

Kwa hivyo sasa siishiwi tena na la kuandika. Nafasi ndiyo inayonipungukia. Nanyi vijana mlioko shuleni leo, mnaotoa gazeti la ukutani, msihangaike kutafuta mambo makubwa ya mbali. Mwulizeni mpishi alianza kazi mwaka gani. Mwulizeni aliyehama bweni amekwenda wapi. Andikeni majina kwa ukamilifu na tarehe zake, maana ipo siku mtu atayatafuta.

Nami bado nangoja barua zenu. Aliye na habari ya mwenzake asiseme ni ndogo. Ailete.