Flashi za Makambako na Jedwali la 1977

Makambako ni mji wa njia. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ina stesheni hapo, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya hukutana hapo na ile ya Njombe na Songea. Mji wa namna hii hulea biashara ya vitu vyepesi, na muziki ni kimojawapo: zilitangulia kanda, zikaja CD, kisha flashi. Fundi mwenye kompyuta moja kibandani aligeuka duka zima la nyimbo. Kero ikabaki moja: filamu ya GB 1 huingia upesi, ilhali nyimbo mia mbili zenye uzito uleule huchelewa, na picha ndogondogo elfu kadhaa huchelewa zaidi. Lawama hutupiwa flashi. Nadai kwamba sehemu kubwa ya lawama hiyo ni ya mfumo wa faili, tena mfumo uliobuniwa kabla flashi haijakuwepo.

Mfumo huo ni FAT. Marc McDonald wa Microsoft aliuandika 1977 kwa ajili ya disketi, na FAT32, iliyotoka 1996, ilirithi msingi uleule: jedwali moja mwanzoni mwa diski, kwa kawaida na nakala yake, likionyesha kila kipande cha faili kilipo. Kila faili mpya hudai jedwali lirekebishwe, na orodha ya folda pia. Kwenye disketi kuandika tena palepale hakukuwa na madhara. Flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka huko Toshiba miaka ya 1980, haina uwezo huo: huandika kwa kurasa za KB chache, lakini haiandiki juu ya kilichopo mpaka ifute bloku nzima, ambayo huweza kufikia MB kadhaa. Ni sawa na mkulima wa Njombe anayelazimika kumwaga gunia zima la viazi ili abadilishe kiazi kimoja.

Wapo watakaosema tatizo ni flashi bandia. Zipo kweli, na zinaudhi. Lakini ubovu wa kifaa ungejitokeza hata kwenye faili moja kubwa. Pengo kati ya faili kubwa na ndogo ndani ya flashi ileile lina asili nyingine. Pingamizi zito zaidi ni kwamba chipu inayoongoza flashi huficha gharama hiyo ya kufuta bloku. Mwaka 2011 Arnd Bergmann, mhandisi wa Linux, alichunguza kadi za kumbukumbu za bei rahisi akaona nyingi zimeandaliwa kulihudumia jedwali la FAT kwa namna ya pekee, huku zikimudu bloku chache tu zilizo wazi kwa wakati mmoja. Hilo nalikubali, na linanilazimu kupunguza ukali: kwenye kadi kama hizo, ext4, yaani mfumo wa faili wa Linux, inayotawanya maandishi na kutunza jarida la mabadiliko yake, inaweza kuwa nzito kuliko FAT. Dawa ya kweli ilikuwa kuandika kwa mfululizo bila kurudi nyuma, kama Mendel Rosenblum na John Ousterhout walivyopendekeza 1991. Samsung iliifuata njia hiyo katika mfumo wake wa faili wa F2FS, ulioingia Linux 2013, na leo simu nyingi za Android zinautumia.

Kwa nini basi vibanda havikuihama FAT? Kwa sababu anayeamua si fundi, ni sabufa ya mteja na redio ya lori, na vifaa hivyo husoma FAT32. Kwa biashara ya kubeba nyimbo uamuzi huo ulikuwa sahihi, na gharama yake ni muda wa kuandika. Mafundi wanaweza kuipunguza: wafomati kwa vipande vya KB 32, waingize nyimbo zote kwa mkupuo mmoja, na wasichomoe flashi kabla kompyuta haijaruhusu. FAT32 haina jarida la kuokoa kazi umeme ukikatika katikati.