Kila Kizimamoto na Moto Wake

Anayenunua kizimamoto cha maabara huuliza bei na ujazo, ilhali lililostahili kuulizwa kwanza ni hili: chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya moto gani? Mwaka 1866 Mfaransa François Carlier alipata hataza ya mtungi uliochanganya magadi na asidi, na gesi iliyotokea ikayasukuma maji nje. Ulifaa mbao, nguo na karatasi, lakini petroli iliushinda, kwani huelea juu ya maji na kuendelea kuwaka. Aleksandr Loran, aliyefundisha Baku, mji wa visima vya mafuta, akabuni povu la kuufunika moto wa aina hiyo mwanzoni mwa karne ya 20. Povu nalo lina maji, na maji hupitisha umeme. Kampuni ya simu ya Bell ilipotaka kitu cha kulinda mitambo yake, kampuni ya Walter Kidde ikaileta mitungi ya kaboni dayoksaidi mwaka 1924. Hakuna kati ya hao aliyekuwa na meza ya mkemia akilini.

Gharama ya kusahau asili hiyo inaonekana vizuri zaidi katika kaboni tetrakloridi, kimiminika ambacho kampuni ya Pyrene ya Marekani ilikieneza kuanzia miaka ya 1910, hasa kwa ajili ya magari. Kilizima petroli bila kupitisha umeme, tena kilitoshea kwenye bomba dogo la mkononi. Lakini kikipata joto kali hutoa fosijeni, gesi ambayo John Davy aliitengeneza mwaka 1812 na majeshi yakaitumia kuua watu kuanzia 1915. Barabarani upepo uliweza kuitawanya. Ndani ya chumba kilichofungwa ilibaki na watu. Na kama kilichowaka ni sodiamu, kimiminika hicho kingeweza kulipuka.

Atasema mtu kwamba hayo yamepita, kwani leo ipo poda ya ABC inayozima karibu kila kitu. Hiyo “karibu” ndiyo yenye shida. Poda hiyo haikukusudiwa metali zinazowaka, na kaboni dayoksaidi nayo hunyang'anywa oksijeni na magnesiamu, moto ukaendelea. Isitoshe, poda huingia ndani ya vifaa vya vipimo na kuvila. Hata herufi zenyewe zina uraia: C ya Marekani ni moto wa umeme, ya Ulaya ni wa gesi. Pingamizi lenye uzito ni jingine, kwamba mitungi mingi humchanganya mtu aliyeshikwa na hofu. Ni kweli, endapo yote imepangwa mlangoni. Poda maalumu ya metali au ndoo ya mchanga mkavu ikae palipo na sodiamu, mtungi wa kaboni dayoksaidi ukae penye vimiminika na mitambo, na uchaguzi utakuwa umefanywa kabla moto haujawaka.