Jino Lililopimwa kwa Nuru

Tangu karne ya 19 hata miaka ya 1970, mgonjwa aliyetaka kuvikwa taji la jino alilazimika kuuma kisahani kilichojaa jasi, au katika zama za karibu mpira laini, akangoja mpaka kipimo kigande huku mate yakimtiririka, kisha kipimo kile kikapelekwa kwa fundi wa meno bandia, naye mgonjwa akabaki kwa siku kadhaa akitafunia upande mmoja.

Aliyethubutu kuuliza iwapo nuru yaweza kushika mahali pa jasi ni François Duret, Mfaransa, ambaye katika tasnifu yake ya mwaka 1973 huko Lyon alieleza namna jino litakavyopigwa picha, umbo lake ligeuzwe tarakimu ndani ya kompyuta, na tarakimu hizo ziiamuru mashine kuchonga taji. Fikra ilikuwa timamu. Zana za kuitimiliza ndizo zilizokosekana.

Huko Zurich, Uswisi, tabibu Werner Mörmann alisukumwa na haja nyingine. Wagonjwa wake walitaka meno yazibwe kwa kitu cheupe badala ya mchanganyiko wa zebaki na fedha, lakini resini nyeupe inapoganda hunywea, ikaacha upenyo ukingoni mwa tundu, na humo uozo hujipenyeza upya. Akawaza kwamba donge la kauri lililokwisha kuchomwa, likichongwa sawa na tundu na kubandikwa kwa utando mwembamba tu wa resini, litapunguza mno madhara ya kunywea huko. Ili lichongwe mgonjwa angali kitini, mhandisi wa umeme Marco Brandestini alimuundia mtambo wenye kamera ndogo ya kuingia kinywani.

Tarehe 19 Septemba 1985, katika Chuo Kikuu cha Zurich, mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mtambo huo. Jino lilinyunyiziwa unga mweupe, kwa kuwa jino tupu huinywa nuru na kuitawanya. Likapigwa picha, ukingo wa tundu ukafuatishwa kwenye kioo cha mtambo, na gurudumu la almasi, lililozungushwa kwa nguvu ya maji, likalichonga donge. Hata hivyo (na wanaoisifu kompyuta aghalabu hulinyamazia jambo hili) mtambo haukujua kuuchonga uso wa kutafunia: vilima na mabonde ya gego tabibu aliyafanyiza mwenyewe kwa keekee, kinywani mwa mgonjwa, akimwambia aume, afumbue, aume tena.

Novemba ya mwaka ule ule, jijini Paris, Duret alimtengenezea mkewe taji mbele ya matabibu wenziwe, kwa muda usiotimia saa moja. Lakini mtambo wake ulikuwa ghali na mgumu kuuendesha, soko likaukataa; ule wa Zurich ulianza kuuzwa na kampuni ya Siemens mwaka 1987, na toleo la pili, la mwaka 1994, likaongezewa kinoo cha almasi kilicholiwezesha kuchonga taji zima.

Kuna wanaobishana hata leo kuhusu nani mwasisi wa fani hii. Kwa rai yangu, asili ya fikra ni ya Duret bila shaka, ila fadhila ya kuifikisha kwenye kiti cha mgonjwa ni ya wale wawili wa Zurich, ambao walikubali mtambo uliofanya nusu ya kazi, wakaanza nao.