Majina Ambatani ya Kiholanzi na Funzo Lake kwa Waunda Istilahi

Mwaka 1586 Simon Stevin, mhandisi mzaliwa wa Bruges, alichapisha huko Leiden kitabu kuhusu elimu ya mizani. Zama hizo wataalamu wengi wa Ulaya waliandika kwa Kilatini. Stevin aliandika kwa Kiholanzi, na kitabuni humo akaitetea lugha hiyo kwa hoja ya silabi: alihesabu vitenzi 742 vya silabi moja katika nafsi ya kwanza, ilhali katika Kilatini alipata 5 tu. Kwa maoni yake, lugha yenye maneno mafupi mengi kiasi hicho huweza kuyaunganisha na kupata istilahi iliyo wazi pasipo kuuchosha ulimi.

Kutokana na juhudi zake yalienea maneno kama *driehoek*, kutoka *drie* (tatu) na *hoek* (pembe). Katika majina ya namna hii neno kuu huja mwisho, nalo ndilo linalopokea alama ya wingi: *driehoeken*. Mkazo, kwa kawaida, huangukia sehemu ya kwanza, nao huliarifu sikio kwamba maneno mawili yamekuwa jina moja. Kanuni hiyo haikosi maasi: katika *stadhuis*, yaani jumba la halmashauri ya mji, mkazo huangukia sehemu ya pili.

Kiswahili kimefikia maana ile ile kwa njia iliyo kinyume. Katika *pembetatu* neno kuu limetangulia, na mkazo, kama ilivyo ada yetu, u katika silabi ya pili kutoka mwisho. Vivyo hivyo *mwanasheria* huwa *wanasheria*: wingi huonekana mwanzoni. Kwa hiyo mfasiri anayefuata mpangilio wa Kiholanzi, au wa Kiingereza ambacho ni jamaa yake, huunda neno lililopinduka. Uandishi nao una uzito wake. *Pembe tatu* ni hesabu ya pembe. *Pembetatu* ni jina la umbo, ndiyo maana twaweza kusema "pembetatu tano" pasipo kumtatiza mwanafunzi.

Hata hivyo uwazi una hatari yake. Wadachi huiita oksijeni *zuurstof*, yaani "kitu cha ukali wa asidi", kwa kufuata dhana ya Lavoisier kwamba kila asidi ina oksijeni. Baadaye ilithibitika kwamba zipo asidi zisizo nayo. Dhana ikaanguka, neno likabaki na kosa lake hadharani. Sisi tuliotohoa *oksijeni* tuna kosa lile lile, ila limefichika ndani ya Kiyunani. Tena si kila neno la Stevin lilidumu: *spiegheling*, alilolitumia kwa maana ya nadharia, liliachwa, na Wadachi wa leo husema *theorie*.

Je, kazi hiyo ilikuwa na faida gani? Mwaka 1600 ilianzishwa Leiden shule ya wahandisi na wapimaji ardhi, kwa mpango ulioandikwa na Stevin mwenyewe, na masomo yakatolewa kwa Kiholanzi. Fundi asiyejua Kilatini alifunguliwa mlango. Basi tunapobuni istilahi, tusiulize tu kama neno linapendeza mezani petu. Tuulize kama mwanafunzi, akilisikia kwa mara ya kwanza, atajua lianzie wapi na liishie wapi.