Kamera kuukuu na kasi ya 1/1000 ya sekunde

KAMERA ya Leica IIIa ilipotolewa mwaka wa 1935, tofauti yake kubwa na iliyoitangulia ilikuwa kasi mpya ya 1/1000 ya sekunde. Nyingi zingali zinauzwa na kutumiwa, na tarakimu hiyo bado inasomeka juu yake. Iwapo kamera bado inaitimiza ni suala jingine.

Shata ya kamera za aina hii ni mapazia mawili ya kitambaa yanayopita mbele ya filamu. La kwanza huufungulia mwanga njia, la pili hufuata na kuifunga. Katika kasi ya 1/1000, la pili huondoka mapema mno hivi kwamba kati yao hubaki ufa wa takriban milimita 2 tu, unaosafiri kutoka upande mmoja wa picha hadi mwingine.

Mafuta yakiganda au springi ikilegea, pazia moja laweza kuchelewa kwa, tuseme, nusu ya milisekunde. Katika kasi ya 1/30, ambayo ni kama milisekunde 33, kosa hilo halionekani kamwe. Katika 1/1000, ambayo ni milisekunde moja pekee, filamu hupata nusu ya mwanga au mara moja unusu. Ndiyo maana kamera inayopiga picha safi jioni yaweza kuziharibu za adhuhuri.

Kosa lililoenea sawa kwenye picha nzima si msiba. Filamu ya negativu huvumilia mwanga uliozidi maradufu, ingawa ya slaidi haisamehe. Balaa ni pale pazia la pili linapolikaribia la kwanza njiani, au hata kulifikia: upande mmoja wa picha huwa giza.

Mnunuzi aweza kujipimia kwa filamu moja. Aupige picha ukuta mweupe ulioangazwa sawasawa kwa 1/250, kisha 1/500 na 1/1000, kila mara akipanua tundu la lenzi kwa hatua moja. Picha zote tatu zapaswa kufanana, ukingo hadi ukingo.

Zisipofanana, fundi asafishe na kutia mafuta mapya kwanza. Anayekimbilia kukaza springi huku mafuta makuukuu yangali ndani huficha ugonjwa kwa muda tu, na kasi huharibika tena.