Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni: Historia ya Adhabu kwa Udanganyifu wa Kielimu

Ukonga, kando ya njia iendayo Pugu, kuna Gereza Kuu, na kuna pia chuo kinachowafundisha maofisa wa Jeshi la Magereza, ambacho leo kinaitwa Chuo cha Taaluma ya Urekebishaji Tanzania. Jina hilo limebeba dai zito: kwamba kuadhibu ni taaluma ya kusomewa, na kwamba shabaha yake ni kurekebisha. Mbele kidogo, Gongo la Mboto, kuna chuo kikuu, na mitaa ya jirani imejaa vyumba vya kupanga vya wanafunzi. Makala haya yanauliza swali moja. Je, vyuo vikuu vyetu vinapomkamata mwanafunzi aliyedanganya katika mtihani au aliyeiba maandishi ya mwingine, vinaadhibu kwa taaluma au kwa hasira?

Tuanze na hali ilivyo. Katika kanuni za mitihani za vyuo vyetu vingi, ukiukaji wowote ndani ya chumba cha mtihani huishia kwenye hukumu moja: kuondolewa masomoni. Aliyekutwa na kikaratasi mfukoni, aliyemchungulia jirani yake, aliyemtuma mtu amfanyie mtihani na aliyenunua maswali kabla ya siku yenyewe, wote husimama mbele ya upanga mmoja. Watetezi wa utaratibu huu husema kwamba ukali ndio ulinzi wa heshima ya shahada. Hoja hiyo si ngeni nchini. Tulikwisha kuijaribu, tena na dola nzima ikiwa nyuma yake.

Mwaka 1963 Bunge la Tanganyika lilipitisha sheria ya viwango vya chini vya adhabu. Kwa makosa kadhaa, yakiwamo wizi wa mifugo na rushwa, kifungo kiliambatana na viboko 24: 12 mfungwa anapoingia gerezani na 12 anapotoka. Uhuru wa hakimu wa kupima mazingira ya kosa ulibanwa. Mwaka 1972 ikatungwa sheria nyingine na viboko vikaondolewa, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 vikarejeshwa. Taifa linaloyumba hivyo, likikaza na kulegeza na kukaza tena, linakiri kwa vitendo kwamba uzito wa adhabu peke yake haujalipa jibu.

Adhabu isiyo na ngazi ina hasara nyingine isiyoandikwa katika kumbukumbu za vikao. Msimamizi wa mtihani anayejua kwamba kuripoti kikaratasi kimoja ni kufuta miaka mitatu ya masomo na mkopo wa familia maskini, mara nyingi hufumba jicho. Kwa hiyo ukali uliokusudiwa kuwatisha wote huwaangukia wachache waliokutana na msimamizi mwenye moyo mgumu. Mwanafunzi akishaona kwamba kukamatwa ni bahati mbaya, haogopi tena kosa, huogopa bahati.

Jambo la pili ambalo historia inatufundisha ni haki ya kusikilizwa, na chimbuko lake mojawapo katika sheria tuliyoirithi ni ugomvi wa chuo kikuu. Mwaka 1718 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua shahada zake msomi maarufu, Richard Bentley, bila kumpa nafasi ya kujitetea. Kosa lake halikuwa la mtihani. Lilikuwa la kudharau mamlaka ya chuo. Shauri lilipofika mahakamani, mwaka 1723, majaji waliamuru arudishiwe shahada hizo. Mmoja wao alikumbusha kwamba hata Mwenyezi Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumuuliza. Tangu hapo chuo kilichotumia sheria hiyo ya Kiingereza hakikuweza kusema kwamba shahada ni mali yake ya kutoa na kunyang'anya kipendavyo.

Shauri jingine liko karibu zaidi na mada yetu. Katika miaka ya 1950 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ceylon, nchi ambayo leo ni Sri Lanka, alituhumiwa kuyajua kabla ya mtihani maneno ya kifungu cha Kijerumani alichotakiwa kukitafsiri. Shahidi mkuu alikuwa mwanafunzi mwenzake. Chuo kilimzuia kufanya mitihani yote kwa muda usio na kikomo. Rufaa ilifika mpaka Baraza la Mfalme na Malkia kule London, na mwaka 1960 baraza hilo lilikipa chuo ushindi: mwanafunzi alikuwa ameelezwa tuhuma, alipewa nafasi ya kujibu, wala hakuomba kumhoji shahidi yule. Wanafunzi wangu hukasirishwa na hukumu hiyo, na nawaelewa. Mwanafunzi mwenye hofu, asiye na wakili, atajuaje kwamba anapaswa kuomba asichoambiwa kuwa ni haki yake? Hata hivyo kuna mpaka ambao hukumu hiyo haikuuvuka: bila tuhuma kuelezwa na bila majibu kusikilizwa, hakuna adhabu.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1961, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, na masomo yake ya kwanza yalikuwa ya sheria. Leo kanuni hiyo imo katika Katiba yetu wenyewe. Ibara ya 13(6)(a) inampa mtu ambaye haki zake zinaamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa. Kamati ya nidhamu ya chuo ni chombo cha namna hiyo. Barua ya kufukuzwa inayobandikwa ubaoni kabla ya kikao ni dosari ya kikatiba, hata kama aliyetajwa ndani yake ni mwizi kweli.

Jambo la tatu ni mwisho wa adhabu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Mlimani waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe, kisha akawafukuza zaidi ya wanafunzi 300 warudi makwao. Kosa lao lilikuwa la kisiasa, na uhalali wa adhabu ile unajadiliwa hadi leo. Lakini mwaka uliofuata walifunguliwa mlango wa kurudi. Mmoja wao, Samuel Sitta, alikuja kuwa Spika wa Bunge kuanzia mwaka 2005 hadi 2010. Hata hasira ya mkuu wa nchi ilikuwa na tarehe ya mwisho. Kijana wa miaka 21 aliyekutwa na kikaratasi katika somo moja, kwa nini ya kwake isiwe nayo?

Tukija karibu zaidi, mwaka 2017 ulitupa somo ambalo watumishi wa umma wanaosoma hapa hawahitaji kukumbushwa. Tarehe 28 Aprili, mjini Dodoma, Rais Magufuli alipokea taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Aliagiza waondoke, na akawaonya watakaokaidi kwamba sheria inaruhusu kifungo cha miaka saba. Kughushi ni kosa, na aliyekaa kitandani pa mgonjwa akiwa na cheti cha uongo amehatarisha uhai wa mtu. Lakini adhabu ya jumla, iliyotolewa kwa orodha, ilikuwa na gharama. Katika wimbi hilohilo waliondolewa watumishi wa darasa la saba walioajiriwa kihalali kabla ya tarehe 20 Mei 2004. Mwaka 2018 serikali ililazimika kuwarudisha. Mwaka 2022 ikaridhia waliofukuzwa kwa vyeti vya kughushi warejeshewe michango waliyokatwa wenyewe kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Mara mbili dola ilirudi nyuma kupima kile ambacho ilipaswa kukipima mwanzo.

Tena uhakiki ule haukuwagusa wateule wa kisiasa. Maelezo yalikuwa kwamba sifa yao ni kujua kusoma na kuandika, na kweli Ibara ya 67 ya Katiba haimdai mbunge zaidi ya hapo. Ila mwaka 2009 Kainerugaba Msemakweli alikuwa ameshachapisha kitabu, *Mafisadi wa Elimu*, akiwatuhumu mawaziri na wabunge kwa shahada zenye mashaka. Muuguzi wa zahanati akiulizwa cheti na mkubwa asiulizwe, wananchi hujifunza kwamba kosa ni kuwa mdogo. Hakuna kanuni ya chuo itakayofuta somo hilo.

Mfano mwema nao tunao. Oktoba 2018 Baraza la Mitihani lilifuta matokeo ya darasa la saba ya shule zote za Halmashauri ya Chemba na ya baadhi ya shule nyingine, zikiwamo za Dar es Salaam, baada ya mtihani kuvuja. Watoto walifanya mtihani mwingine tarehe 8 mwezi huohuo, na macho ya uchunguzi yakaelekezwa kwa watu wazima waliovujisha. Matokeo machafu yalifutwa, mtoto akapewa nafasi mpya, na aliyepanga uovu akatafutwa. Hayo ni mambo matatu tofauti, na yalishughulikiwa kwa njia tatu tofauti.

Chuo kikuu kinaweza kufanya vivyo hivyo. Kikaratasi katika mtihani wa kwanza kifute somo hilo na kimrudishe mwanafunzi mwaka mmoja nyuma. Kosa la pili limsimamishe kwa muda unaotajwa. Kumtuma mtu amfanyie mtihani, kuuza maswali au kununua tasnifu nzima katika vibanda vya uchapaji vilivyozunguka vyuo vyetu kuwe mwisho wa safari, baada ya kusikilizwa na baada ya rufaa. Aibu yetu ya sasa ni kwamba mambo yamepinduka: kikaratasi hukamatika kwa urahisi na kufukuzisha, ilhali tasnifu ya kununuliwa hupita na kuvishwa joho. Akili mnemba imefanya ununuzi huo kuwa rahisi zaidi, na mwalimu anayesimamia wanafunzi 40 wa tasnifu hana muda wa kugundua. Kwa hiyo ngazi ya adhabu lazima imfikie pia mhadhiri anayeuza alama na anayechapisha kazi ya mwanafunzi kwa jina lake.

Wapo watakaosema kwamba ngazi hii italeta ulegevu. Nawajibu kwamba kinachomzuia mtu ni uhakika wa kukamatwa, na uhakika huo huongezeka msimamizi anapoweza kuripoti bila kuhisi kwamba anachimba kaburi. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Hawakumtetea mkosaji, walitaka hata anayestahili adhabu apimiwe kwa mizani. Seneti zetu zina mamlaka ya kuandika upya kanuni hizi, na wawakilishi wa wanafunzi wana viti ndani yake. Wadai ngazi hiyo iandikwe, itangazwe siku ya kwanza ya mwaka wa masomo, na iwahusu wote, kuanzia wa mwaka wa kwanza hadi profesa.