Ukubwa, Ubaridi na Umri: Papa wa Greenland Mbele ya Fuko Uchi

Dai kwamba kiumbe huishi muda mrefu kadiri mwili wake unavyotumia nishati polepole limekaa katika vitabu vya biolojia tangu Max Rubner alipolitetea mwaka 1908 na Raymond Pearl kulipa sura ya nadharia mwaka 1928. Tangu mwaka 2016 dai hilo limepata wakili mpya, yaani papa wa Greenland, ambaye umri wake hutajwa kana kwamba ukubwa wa mwili na ubaridi wa bahari vinatosha kueleza kila kitu. Makala haya yanapinga hitimisho hilo kwa kumlinganisha papa huyo na fuko uchi, mgugunaji mwenye uzito wa takriban gramu 35 anayechimba mashimo katika ardhi kavu ya Kenya, Ethiopia na Somalia.

Kwamba wote wawili huishi kupita matarajio, hakuna anayebisha. Kinachostahili kuchunguzwa ni jinsi umri wa papa ulivyopatikana. Umri wa papa wengi hukadiriwa kwa kuhesabu pete za pingili za uti wa mgongo, lakini pingili za huyu ni laini mno kuweza kusomwa hivyo. Julius Nielsen na wenzake waligeukia lenzi ya jicho, ambayo hukua tabaka juu ya tabaka mithili ya kitunguu, huku kiini chake, kilichoundwa papa angali tumboni mwa mama yake, kikibaki bila kufanywa upya. Ndani ya protini za kiini hicho hubaki kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho, kwa kiwango cha wakati ule. Majaribio ya silaha za nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliiongeza kaboni hiyo angani na hatimaye baharini, kwa hiyo lenzi yenye ongezeko hilo ni ya papa aliyezaliwa baada ya majaribio kuanza. Kati ya papa jike 28 waliopimwa, ni wadogo wachache tu waliokuwa na alama hiyo. Umri wa waliobaki ulikadiriwa kwa kuoanisha kaboni na urefu wa mwili, na mkubwa kuliko wote, mwenye urefu wa mita 5, akakadiriwa kuwa na miaka 392, kukiwa na uwezekano wa kuzidi au kupungua kwa miaka 120. Majarida hupenda kuchapa 400, au hata 500, na kuisahau 272, ingawa hata miaka hiyo 272 inatosha kumweka papa huyu mbele ya wanyama wote wenye uti wa mgongo wanaojulikana. Ugomvi basi hauhusu namba, bali sababu.

Fuko uchi akifugwa huishi zaidi ya miaka 30, ilhali panya wa nyumbani, anayekaribiana naye kwa ukubwa, ni nadra kuvuka minne. Watetezi wa nadharia ya kale hujibu kwamba umetaboli wa fuko, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, uko chini kuliko wa wagugunaji wa kimo chake. Ni kweli, lakini upungufu huo ni wa sehemu tu, wakati umri umezidishwa takriban mara nane. Tena kila gramu ya fuko huchoma nishati nyingi kuliko gramu ya samaki wa maji ya barafu.

Maelezo yenye nguvu zaidi ni yale ya Peter Medawar (1952) na George Williams (1957): pale ambapo kifo kitokacho nje ni adimu, uteuzi wa asili hupata muda wa kuimarisha mwili unaojikarabati. Papa aliyekomaa hana maadui wengi. Fuko amejificha chini ya udongo mgumu. Inaweza kupingwa kwamba porini fuko wafanyakazi hufa mapema, lakini wao kwa kawaida hawazai. Wanaorithisha ni malkia na madume wake wachache, ambao huishi muda mrefu zaidi.

Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi papa wa Greenland, ambaye jike lake hukadiriwa kukomaa likiwa na takriban miaka 150, hana kinga yoyote dhidi ya nyavu za uvuvi zinazomnasa pasipo kukusudiwa, kwa kuwa zimeleta kifo kitokacho nje katika maisha yaliyojengwa juu ya uadimu wake.